Weusi wa Chicago hawakukimbia risasi tu

Ndugu Mhariri,

Ile makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu weusi kupungua kwenye majiji ya Marekani nimeisoma kwenye simu saa tisa usiku, niko breki pale ghala ninapobebea boksi, nikasema hii siwezi kuipita kimya. Kwenye takwimu sina ugomvi na nyie, Chicago watu wamepungua kweli. Ugomvi wangu ni ile sentensi moja mliyoichomeka katikati kama jambo linalojulikana na kila mtu, eti "wanakimbia risasi". Yaani stori ya miaka sitini mmeimaliza kwa maneno mawili!

Mimi huu mwaka wa 17 niko South Side, upande wa kusini wa jiji wanakoishi weusi wengi. Risasi zipo, siwezi kuwadanganya, kuna sikukuu ya Julai niliwalaza wanangu sakafuni maana nilikuwa sijui fataki ni ipi na bunduki ni ipi. Lakini walioondoka mtaani kwetu nawajua nyumba kwa nyumba, na wengi wao hizo risasi walizivumilia miaka na miaka, walipoondoka kilichowaondoa kilikuwa kingine.

Chukua jirani yangu mmoja, bibi ambaye sisi Waswahili wa jengo letu tulimpachika jina la Mama Mkubwa, mwenyewe akalipenda mpaka akawa anajitambulisha nalo kanisani kwake. Alitoka Mississippi 1956 akiwa na miaka 9, yeye na mama yake kwenye treni, kuku wa kukaanga wamemfunga kwenye boksi la viatu kwa sababu mama hakuamini kama kwenye behewa la chakula watahudumiwa. Walikuwa wengi waliokuja hivyo. 1910 weusi wa Chicago walikuwa hawafiki elfu 45, ikifika 1970 wamepita milioni moja, na nchi nzima wanaohesabiwa kuondoka kusini kwenda kaskazini na magharibi miaka hiyo ni kama milioni 6. Walikuja kwa ajili ya kazi, machinjio, viwanda vya chuma, reli, na kule walikotoka mtu alikuwa ananyongwa hadharani, kwa hiyo hao ndugu zangu kukimbia kifo wanakujua vizuri kuliko mwandishi wenu.

Mama Mkubwa alikuwa na kibustani nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza namkuta kainama pale namwambia shikamoo bibi (ndiyo, nilimwamkia kwa Kiswahili, imenitoka tu), naona hiyo ni sukuma wiki, akanikatalia kabisa, hii ni kolardi, mama yangu alileta mbegu kutoka kwao. Tukabishana hadi akanipikia. Alizichemsha masaa matatu na bata mzinga wa kukaushwa kwa moshi, nikamwambia bibi hizi umeshaziua, kwetu ni dakika tano na kitunguu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nyumba yenyewe. Baba yake aliinunua kwa mkataba, maana benki zilikuwa hazikopeshi mitaa ya weusi, ile mitaa ilipigwa rangi nyekundu kwenye ramani za serikali tangu miaka ya 1930. Ule mkataba ulikuwa hivi, unalipa kila mwezi kwa bei aliyojipangia muuzaji, hati huioni mpaka senti ya mwisho, ukikosa mwezi mmoja anaweza kukutoa na hela zako zote zimeenda. Maelfu ya familia Chicago zilinunua hivyo. Yule mzee alimaliza, akiwa na kazi mbili. Mume wa Mama Mkubwa naye akaingia kiwanda cha chuma. Halafu kazi zikaanza kuondoka kabla ya watu, na hapa ndipo nataka mwandishi wenu asimame kidogo: machinjio makubwa yalifungwa 1971, viwanda vya chuma vikafuata, Wisconsin Steel 1980, South Works 1992. Idadi ya weusi Chicago ilifika kileleni karibu milioni 1.2 kwenye sensa ya 1980 na toka hapo inashuka tu, sensa ya 2020 wako chini ya laki 8. Laki 4 hizo! Hebu panga hiyo miaka pembeni ya ile ya viwanda.

Maghorofa ya serikali nayo yakavunjwa. Robert Taylor peke yake yalikuwa majengo 28 ya ghorofa 16 kila moja, jengo la mwisho limeangushwa 2007, mimi nilikuta viwanja vitupu, nyasi na uzio. Watu wakapewa karatasi ya kusaidiwa kodi waende kutafuta nyumba wenyewe huko mitaani. Ikaja 2008 na yale mambo ya mikopo ya nyumba, watu walioshindwa kulipa benki wakanyang'anywa nyumba zao.

Ila kilichoumaliza mtaa wetu, nikiulizwa mimi, ni shule. 2013 jiji lilifunga shule kama 50 kwa mpigo, nyingi kwenye mitaa ya weusi, sababu wanafunzi wachache. Haya, wanafunzi wamepungua kwa sababu watu wameondoka, ukifunga shule watu si ndio wanazidi kuondoka? Mtoto wangu wa kwanza alikuwa la tatu. Shule mpya aliyopangiwa ilibidi avuke barabara kubwa mbili na mtaa wa vijana wasioelewana na wa kwetu, asubuhi wanasimama watu wazima wenye vizibao vya njano kumlinda mtoto anayeenda kusoma hesabu. Ndani ya miaka miwili familia tatu zenye watoto zilihama kutoka upande wetu wa barabara. Upande huo nimehesabu misingi, nyumba zilikuwa 22, leo zilizosimama ni 9.

Mama Mkubwa alivumilia yote hayo. Kilichomshinda ni kodi ya majengo pamoja na paa lililovuja, fundi alitaka hela ambayo nyumba yenyewe sijui kama ingeifikisha sokoni. Mei 2019 binti yake akaja kumchukua kumpeleka Georgia, nje ya Atlanta. Vitu vikaingia kwenye lori la kukodi, lakini zile kolardi alizichimba mwenyewe na udongo wake, akaziweka kwenye ndoo ya rangi, ndoo akaibana kati ya miguu yake kiti cha mbele, na akakataa kabisa isihamishiwe nyuma. Nimemsindikiza hadi kwenye taa za barabarani.

Mwaka uliofuata sensa ikaja. Kwenye fomu kuna kisanduku cha mweusi na chini yake laini ya kuandika asili yako, nikaweka tiki, nikaandika Tanzania, mke wangu hivyohivyo na watoto wawili. Hapo ndipo nilipopata akili. Bibi wa watu katoka, sisi wanne tumeingia, kwenye hesabu ya jiji weusi wameongezeka watatu! Marekani nzima mweusi 1 kati ya 10 kazaliwa nje ya nchi, kwa hiyo mji ukionyesha weusi wamepungua kidogo ujue wajukuu wa wale wa treni wamepungua zaidi, pengo tumeliziba sisi, Wanigeria, Wahaiti. Na mji ukionyesha wameongezeka, kama Minneapolis, uliza Wasomali wangapi wamo humo. Hilo makala yenu haikuligusa kabisa, mmetuweka kapu moja.

Na msidhani ni Chicago tu wala kila mahali ni sababu zilezile. Washington 1970 weusi walikuwa asilimia 71, sensa ya 2020 ni 41 hivi, na pale hakuna kiwanda kilichokufa, pale ni kodi za pango zimepaa mpaka mtu wa mshahara wa kawaida anajiondoa mwenyewe. San Francisco vilevile. Detroit ni habari nyingine, kule waliondoka wazungu kwanza, weusi wamefuata baadaye. Hata Atlanta wanayoikimbilia, jiji lenyewe weusi wameshuka chini ya nusu, wamejaa kaunti za pembeni kama Clayton na Henry ambako bila gari hufiki popote. Mama Mkubwa haendeshi. Kanisani anapelekwa na binti Jumapili, siku nyingine anakaa barazani.

Juzi kanipigia. Kolardi zimekubali kule, anasema udongo ni mwekundu kama wa picha nilizomwonyesha za kwetu Same. Akaniuliza nyumba yake vipi. Nikamwambia kuna kijana kainunua, kaweka madirisha meusi na huko nyuma kwenye bustani kamwaga zege la kuegeshea gari. Akanyamaza kidogo halafu akauliza kodi yangu mimi ya pango imefika ngapi. Nikamtajia. Akasema chumba cha wageni kipo.

Mbeba boksi,
South Side, Chicago