Mwanangu, hizo saa 24 ni zako

Baba, nimesoma meseji yako ya jana usiku na pale umeandika ati katiba ya Kenya ni karatasi tu, serikali ikitaka kukubeba itakubeba, hapo ndio nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maanake kwa simu utaniambia "sawa mama" alafu unakata.

Sikulaumu. Nyinyi mliona 25 Juni 2024 na macho yenu, vijana wa maandamano wakipigwa risasi nje ya Bunge, na baadaye mkaona watu wakibebwa na wanaume waliofunika nyuso. Siwezi kukuambia hayo hayakutokea. Lakini serikali kuvunja sheria, na serikali kupewa ruhusa na sheria yenyewe ikutese, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na hiyo ya pili wewe hukuwa umezaliwa kuiona.

Zamani Rais alikuwa na uwezo wa kukuweka kizuizini bila kesi na bila mtu kusema utatoka lini, na hiyo ilikuwa sheria halali. 1982 wakaandika ndani ya katiba kwamba chama ni KANU peke yake, chama cha serikali. 1986 watu wakashikwa kwa wingi, wahadhiri, wanafunzi, ati ni wa Mwakenya, kikundi cha siri cha kupinga serikali, wakawekwa seli za chini ya Nyayo House, jengo la serikali hapo Nairobi, zingine zinajazwa maji, mtu hajui kama ni mchana au usiku, akitolewa anapelekwa kortini jioni watu washaenda nyumbani, hana wakili, anakubali mashtaka, anafungwa siku hiyo hiyo. Na Bunge lilifanya nini? 1988 likabadilisha katiba, polisi wakaruhusiwa kukaa na mtu wa kesi za kunyongwa siku 14 badala ya saa 24, na majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi, yaani jaji akiudhi Ikulu anaweza kufutwa. Ona vile hivyo viwili vilienda pamoja. Mtesaji anahitaji muda, na anahitaji jaji anayeogopa.

Ndio maana ukiniuliza mimi, kifungu cha maana kushinda vyote kwa katiba ya 2010 ni cha 49. Watu wanapenda kutaja cha kwanza, cha mamlaka ni ya wananchi, na ni kizuri, lakini cha 49 ndicho kinakusaidia ukiwa stesheni. Lazima wakuambie umeshikwa kwa nini, kwa lugha unaelewa. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuongea na wakili. Na wakupeleke kortini mapema iwezekanavyo, isipite saa 24, isipokuwa kama korti imefungwa, hapo wanangoja siku ya korti inayofuata, na ndio maana ukishikwa Ijumaa jioni unaweza kulala ndani mpaka Jumatatu. Alafu kama kosa ni la faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, hawafai kukuweka rumande. Hiyo wengi hawajui na inawagharimu sana.

Na hii haikuletwa na wanasheria pekee yao. 1992 nilikuwa msichana wa shule wakati akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park, Nairobi, pamoja na Wangari Maathai, yule mwanaharakati wa mazingira, kudai watoto wao. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na virungu, Wangari akapigwa mpaka akazirai, wamama wengine wakavua nguo mbele ya wale askari, watu wazima, wa rika la shosho yako. Walifukuzwa pale wakahamia kanisa la All Saints na hawakutoka, mpaka mwanzo wa 1993 wafungwa wakaachiliwa. Nikisikia kijana akisema katiba ni karatasi nawakumbuka hao wamama, inaniuma kweli.

Sasa utaniambia basi mbona watu bado wanapotea. Chukua ile ya Kitengela, Agosti 2024, watu watatu walibebwa, polisi wakasema hawako nao. Chama cha Mawakili, LSK, wakaenda korti kuu kuomba waletwe wakiwa hai au wafu, hiyo inaitwa habeas corpus na kifungu cha 25 kinasema haiwezi kupunguzwa na sheria yoyote, iko pamoja na kutoteswa na kusikizwa kesi kwa haki. Kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, akaitwa na Jaji Lawrence Mugambi mara kadhaa, hakuja, na Septemba jaji akamhukumu miezi sita jela kwa kudharau korti. Mkubwa wa polisi nchi nzima! Wiki hiyo iliyofuata wale watatu wakaachiliwa wakiwa hai, na Masengeli akafika kortini, hukumu ikaondolewa. Hilo la kuondolewa silifurahii hata kidogo, lakini jaji wa 1988 angethubutu kuandika hukumu kama hiyo?

Na hizo posti zako. Kulikuwa na kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilikuwa kinashika watu kwa kuandika kitu "cha kuudhi" mtandaoni, korti kuu ikakifuta Aprili 2016 kwa sababu hakieleweki na kinabana uhuru wa kusema. Bunge likaja na sheria ingine ya mitandao 2018, kwa hivyo andika ukweli, weka ushahidi wako vizuri. Ukienda maandamano kifungu cha 37 kinakulinda ukiwa na amani na bila silaha, usiokote jiwe hata kama rafiki zako wameokota.

Beba kitambulisho. Namba ya wakili iweke kwa kichwa, simu ndio wanachukua kwanza. Ukiingizwa ndani uliza namba ya OB, kile kitabu cha stesheni cha kuandika matukio, usisaini kitu hujasoma.

Ukilala bila kupatikana mimi naanza na stesheni ya karibu na kampasi, wakikataa naenda ingine, alafu korti. Kifungu cha 22 kinasema kesi ya haki za binadamu haina ada ya kufungua, na korti inaweza kupokea hata maombi yasiyo rasmi ikihitajika. Nitaandika kwa mkono na hii hii Kiswahili yangu, jina lako juu, na saa uliyoshikwa.

Mama yako