Hiyo orodha ni moja tu

Shabani ndugu yangu,

Habari za siku nyingi? Kimya changu utanisamehe, kazi zimebana. Mama Zuhura kanifikishia kodi yako, si ya nyumba, ya Python, ile lugha ya kuandikia programu, pamoja na lalamiko lako kwamba akaunti ulizozitengeneza zinachanganya miamala. Usiilaumu kompyuta, imefanya ulichoiambia.

Kisirani ni mstari mmoja, `miamala = []`. Unatengeneza orodha tupu, nawe umeuandika chini ya `class Akaunti:` (klasi, yaani kiolezo cha kutengenezea akaunti) moja kwa moja, nje ya `__init__`, ile sehemu inayoitwa kila akaunti mpya inapotengenezwa. Mwili wa klasi husomwa mara moja, kwa hiyo orodha inayozaliwa ni moja na akaunti zote zinaandika humo humo. Asha akiweka 5,000, Hamisi naye anaonekana kaweka. Aliyekuambia klasi ni kalibu ya matofali hakukosea, ila kalibu hii ina mfuko, na matofali yote yanachota humo.

Najua utauliza, mbona `salio = 0` nayo iko hapo hapo na haichanganyi? Kwa sababu `self.salio += kiasi` (`self` ni akaunti yenyewe, tuseme ya Asha) inasoma ile sifuri ya klasi, inajumlisha, kisha inabandika jibu kwa Asha mwenyewe. Tangu hapo ana salio lake. `self.miamala.append(kiasi)`, inayotia kiasi mwishoni mwa orodha, haibandiki kitu. Inatafuta orodha kwa Asha, inaikosa, inapanda kwenye klasi na kutia mle. Ukibisha, iulize kama ni orodha moja: andika `asha.miamala is hamisi.miamala` uone kama hutajibiwa `True`, kweli.

Basi weka `self.miamala = []` ndani ya `__init__`, na salio ulihamishie humo. Vistari vya chini vya `__init__` ni viwili kila upande. Ukiweka kimoja kimoja, Python haitaiita, na `Akaunti("Asha")` itagoma: `Akaunti() takes no arguments`. Ujumbe wenyewe hausemi kosa liko kwenye vistari, ndiyo unavyopoteza watu.

Halafu ule ujanja wa Baraka, `def __init__(self, jina, miamala=[])`, achana nao! Orodha hiyo, inayotumika usipompa nyingine, nayo hutengenezwa mara moja, pale `def` inaposomwa. Ni mfuko ule ule, umehamishwa chumba. Weka `miamala=None`, yaani hakuna kitu, ndani ukikuta ni `None` ndipo utengeneze orodha mpya.

Mtihani bado ni Alhamisi? Methodi ya `toa`, ile sehemu ya klasi ya kutoa pesa, umeiachaje, inakataa kiasi kikizidi salio au inaingia hasi kimya kimya? Na chaja yangu, Baraka kairudisha?

Wako,
Mdoe