Salamu za Shukrani kutoka kwa Familia ya Mama Yetu, Likoni, Mombasa

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Sisi watoto, wajukuu na ndugu wa mama yetu mpendwa tunamshukuru Mwenyezi Mungu, Mponyaji wa maradhi yote, na kisha tunawashukuru ninyi nyote mliosimama nasi tangu usiku alipozidiwa hadi aliporudi nyumbani, alhamdulillah, akitembea kwa miguu yake.

Wengi mmeuliza alikuwa akiugua nini. Miaka mingi baada ya kupasuliwa ili kuondolewa uvimbe wa kizazi, makovu yaliyobaki ndani ya tumbo yalikuwa yameshikamana na utumbo mdogo, na mojawapo likaubana mpaka chakula, maji na hata hewa vikakosa njia. Makovu ya aina hii huwapata watu wengi waliopasuliwa tumbo, na wengi wao huishi nayo bila kuyajua. Mama hakujaliwa hivyo. Kwa muda mrefu tumbo lilikuwa likimsokota na kumwachia, akiambiwa kuwa ni chango au gesi, hadi akachoka kujieleza.

Usiku ule alitapika nyongo ya kijani, tumbo likajaa na kukaza. Jirani yetu, dereva wa tuktuk, aliamka bila kuuliza nauli, na pale kivukoni wahudumu wa feri walitupisha mbele ya foleni. Katika Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi wetu huiita Makadara, alitiwa mpira wa puani wa kunyonya uchafu tumboni, akawekewa dripu na kukatazwa kula na kunywa. Tulielezwa kuwa mara nyingi utumbo hufunguka wenyewe ukipumzishwa, lakini zikipita siku tatu hivi bila nafuu, au ikionekana kwamba damu haiufikii vizuri, upasuaji haukwepeki. Kungoja huko ndiko kulikotuvunja. Mama aliomba maji, nasi tusiweze kumpa ila kumlowesha midomo kwa pamba. Maumivu yaliyokuwa yakija na kuondoka yakawa hayaondoki tena, homa ikapanda, na kaka yetu mkubwa akatia sahihi karatasi za upasuaji huku mkono ukimtetemeka. Daktari alipotoka na kutuambia kuwa kovu limekatwa, na kwamba utumbo umerudi rangi yake bila kuhitaji kukatwa, tulisujudu pale pale ukumbini. Hata hivyo tulingoja tena utumbo uamke, na siku mama aliposema kuwa hewa imepita, jirani yake wa kitanda cha pili, aliyekuwa akimwombea kwa jina la Yesu, alilia kwa furaha pamoja nasi.

Muuguzi wa zamu ya usiku, aliyekuwa akipima kila kilichotoka kwenye mpira na ndiye wa kwanza kuona kuwa hali imebadilika, hatuna cha kumlipa; Mungu amlipe yeye na kizazi chake. Khalati yetu, dada yake mama, alilala juu ya mkeka siku zote hizo, akaacha biashara yake ya mahamri ilale nayo. Mama alimwamini yeye peke yake kumwosha.

Tunawashukuru pia madaktari na wahudumu wote wa wodi, waliotoa damu, imamu na jamaa wa msikiti wetu, walimu na wanafunzi wa madrasa waliosoma Yasini, majirani Wakristo na kanisa lao, akina mama wa chama, wafanyabiashara wa Kongowea, jamaa wa Mji wa Kale, Kisauni, Changamwe, Malindi, Lamu na Tanga, walio ng'ambo, na kila aliyetuma mchango, mkubwa kwa mdogo, uliomaliza deni lililobaki baada ya malipo ya SHA, bima ya afya ya serikali.

Daktari alitueleza wazi kwamba upasuaji nao unaweza kuacha makovu mapya, kwa hiyo maradhi haya yanaweza kurudi. Ndiyo maana mama sasa hula kidogo kidogo na kutafuna sana, na ameambiwa aepuke kwa sasa fenesi, mahindi ya kuchoma na vyakula vingine vyenye nyuzinyuzi ngumu. Tunawasihi wenye harusi na hitima wasione ameudharau mkono wao akikataa sinia la pili la pilau. Akishikwa na tumbo tena, akitapika na hewa isipite, tafadhali msimpe haluli, yaani dawa ya kuharisha, hata kwa mapenzi. Mpelekeni hospitali na kutupigia simu.

Tuliowasahau ni wengi kuliko tuliowataja, na jambo hilo linatuuma. Wapo waliokuja tukiwa hatuoni nani anaingia na nani anatoka, wapo waliotuma bila kuandika jina, na wapo ambao simu zao hatukuzipokea. Tunawaomba radhi mmoja mmoja. Malipo yenu yako kwa Mola asiyesahau, na dua zenu kwa mama tunaziomba ziendelee.

Wabillahi tawfiq.

Ni sisi, familia, Likoni.