Gesi inapita chini ya geti langu, mimi bado nabeba mtungi

Mhariri,

Nawasoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, hata pale mlipokosea majibu ya chemsha bongo wiki mbili mfululizo nilinyamaza. Ila ile habari yenu ya kuunganishiwa gesi asilia, ile ya hatua tano na picha ya mama anacheka mbele ya jiko, hiyo imenishinda. Jaza fomu, subiri mkaguzi, lipia, bomba linavutwa, washa. Ndivyo mlivyoandika. Mimi niko hatua ya kwanza kwa mara ya tatu.

Nyumba yangu ina milango miwili. Mlango wa mbele ni udobi, kuna mashine mbili za kukaushia nguo na meza ya pasi, mlango wa nyuma ndo tunaishi mimi na watoto. Ukuta mmoja, paa moja. Mtaro wa bomba la gesi ulichimbwa mbele ya geti langu mwaka juzi, lile bomba la plastiki la njano nimeliona kwa macho yangu likilazwa, mafundi wenyewe walikuwa wanaingia kwangu kuomba maji ya kunywa. Nikajua basi, mitungi kwisha habari yake. Nikaenda ofisini na kitambulisho, hati ya nyumba, picha mbili na kopi za kila kitu maana nilishaambiwa usiende bila kopi. Fomu yao ina sehemu ya aina ya matumizi, kuna kiboksi cha nyumbani na kiboksi cha biashara, chagua kimoja. Nikamuuliza binti wa kaunta, mwanangu mimi niko vyote viwili, niweke tiki wapi? Akasema mama weka tu nyumbani, ndo rahisi. Nikaweka nyumbani.

Mkaguzi wa kwanza alikuja baada ya miezi minne. Kijana mstaarabu, akapima kwa futi yake kutoka kwenye bomba kuu mpaka ukutani kwangu, mita 11, akaandika. Akauliza mita tuiweke wapi, nikamwonyesha ukuta wa nje wenye hewa, akasema safi kabisa mama. Halafu akachungulia mlango wa mbele akaona mashine. Yaani sura ilibadilika utafikiri ameona maiti. Hii ni biashara, akasema, hili ombi halifai. Nikamwambia lakini ofisini kwenu ndo walioniambia niweke nyumbani, akasema hao wa kaunta hawajui. Sasa kama wa kaunta hawajui wamewekwa kaunta kufanya nini, si bora wangeweka kabati?

Nikaanza upya, safari hii biashara. Na hapa Mhariri ndo naomba usome taratibu kwa sababu kwenye habari yenu hamna hata neno moja la haya. Biashara wanataka leseni, sawa ninayo. Wanataka karatasi ya watu wa zimamoto, nikaitafuta nikaipata. Wanataka makadirio ya matumizi kwa mita za ujazo kwa saa. Nikauliza nitajuaje, wakasema muulize aliyetengeneza mashine. Aliyetengeneza mashine nampatia wapi mimi? Nikarudi nyumbani nikaivuta mashine ukutani, nyuma kuna kibati kimeandikwa kilowati 20, nikampa mwanangu wa sekondari akapiga hesabu mgongoni mwa bahasha: mita moja ya ujazo ya gesi asilia inatoa kama kilowati-saa 10 na ushee, kwa hiyo mashine moja ikifanya kazi saa nzima inakula karibu mita 2, zikiwaka zote mbili ni 4. Dakika tano haikufika. Nikapeleka. Wakasema hapana, hesabu lazima isainiwe na fundi mwenye leseni. Nikamtafuta fundi mwenye leseni, nikamlipa, akaangalia bahasha ya mwanangu, akanakili ileile 2 na ileile 4, akapiga mhuri. Mashine hata hakuzigusa! Hajui hata kama zipo. Nikapeleka karatasi yenye mhuri, ikapokelewa kwa heshima zote. Halafu akaja mkaguzi wa pili, huyu hakusalimia, akapima akapata mita 17. Nikamwambia mwenzako alipata 11. Akasema yeye amepimia upande wa pili wa barabara. Nikamuuliza kwani bomba liko upande wa pili? Bomba liko hapa chini ya miguu yako, umelikanyaga sasa hivi! Akasema kwenye ramani yao liko upande wa pili. Na huku kwetu umbali ukizidi, mita za ziada analipia mwombaji, kwa hiyo mita 6 za ramani yao zinatoka kwenye mfuko wangu mimi. Nikakataa kusaini. Wiki hiyohiyo nikapata ujumbe kwenye simu kwamba ombi langu limefungwa kwa sababu mteja hakutoa ushirikiano.

Hakutoa ushirikiano. Mimi niliyewapa maji.

Najua mtasema usalama kwanza, na yule bwana mliyemhoji alisema hivyo mara tatu nilihesabu. Hakuna anayebisha. Gesi asilia yenyewe haina harufu, ile harufu ya yai viza inawekwa makusudi ili ikivuja ujue, na watu walijifunza kwa machozi, shule ya New London kule Texas ililipuka mwezi wa tatu 1937 wakafa karibu watu 300, wengi watoto, gesi ilikuwa imejaa chini ya jengo na hakuna aliyeisikia. Kwa hiyo mimi nataka wapime presha, nataka wapake maji ya sabuni kila kiungio wachungulie mapovu, nataka wakae hata nusu siku. Ila niambieni, kubishana bomba liko upande gani wa barabara ni usalama gani huo? Kama hamjui bomba lenu liko wapi ndo mimi nimeanza kuogopa sasa, sikuwa naogopa mwanzo.

Na nyie pia mmekosea. Mmeandika ukishaunganishiwa unachomeka jiko lako lilelile. Si kweli, na mtu anaweza kuwafuata. Jiko au mashine ya gesi ya mtungi ina tundu dogo pale gesi inapotokea, kwa sababu ile gesi ya mtungi ina joto zaidi ya mara mbili ya hii ya bomba kwa ujazo uleule, na presha zake ni tofauti. Ukichomeka bila kubadilisha utapata kimwali cha kusikitisha, na ukifanya kinyume, kifaa cha bomba ukakiweka kwenye mtungi, moto unaruka juu na masizi na moshi wenye sumu. Lazima fundi abadilishe hivyo vitundu na arekebishe hewa. Halafu picha yenu imeonyesha king'ora cha gesi kiko chini karibu na sakafu. Chini ni kwa gesi ya mtungi, ile nzito inatambaa sakafuni kama maji. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, inapanda, king'ora kinakaa juu karibu na dari. Hilo nalo mlishindwa kumuuliza huyo bwana wa usalama kwanza?

Nilipoenda kulalamika nikaambiwa mama tuna maombi mengi sana. Mengi kiasi gani? Uingereza walipohama kutoka gesi ya makaa ya mawe kwenda gesi asilia ya Bahari ya Kaskazini, kuanzia 1967 mpaka 1977, mafundi walipita nyumba kwa nyumba, wateja zaidi ya milioni 13, vifaa karibu milioni 40, kila jiko likafunguliwa likabadilishwa vitundu. Miaka 10 wakamaliza. Mimi ni mmoja. Mashine mbili na jiko moja.

Na wakati nasubiri si naendelea kununua mitungi, sasa na hao wa mitungi nao wana lao. Kila mtungi umegongwa namba kwenye chuma, huo ni uzito wa mtungi mtupu, ukitoa hiyo kwenye uzito wa mtungi uliojaa ndo unapata gesi uliyouziwa. Hesabu ya darasa la tatu. Nikanunua mzani, maana udobi bila mzani si udobi, kila mtungi ukiletwa naupandisha hapo mbele ya kijana aliyeuleta. Wa kwanza ulipungua kilo moja na nusu. Wa pili kilo moja. Yule kijana akaniambia mama mzani wako mbovu, nikampandisha yeye mwenyewe kwenye mzani, akataja uzito wake kabla hajasoma na ukawa uleule. Tangu siku hiyo duka halileti tena kwangu, natuma mtoto na mkokoteni. Sijui kama hiyo mnaweza kuiandikia habari ya hatua tano.

Mimi sina makuu. Waongeze kiboksi cha tatu kwenye fomu, kiandikwe vyote viwili. Sentimita moja kwa sentimita moja inatosha, wino mweusi. Maana mtaani kwetu tu nawajua fundi cherehani, mwenye saluni na fundi viatu wote wanalala nyuma ya kazi zao, wote wamewekwa nyumbani na wote watakuja kufutwa siku mkaguzi akichungulia mlango wa mbele. Na nyuma ya fomu waandike kila karatasi wanayotaka kwa mara moja, siyo leo unaambiwa leseni, keshokutwa zimamoto, mwezi ujao fundi na mhuri wake. Na wakaguzi wawili wakishindwa kukubaliana, walete koleo tuchimbe, koleo nitatoa mimi, bomba liko hatua nne kutoka kwenye nguzo ya kushoto ya geti, kina cha kiuno, nilikuwepo.

Kama shida ni gharama ya kuchapa fomu mpya basi niruhusiwe niende na rula na kalamu yangu, nikae pale kaunta nichore hicho kiboksi kwenye fomu moja moja mpaka ziishe, silipwi hata senti. Iwe Jumanne asubuhi lakini, Jumatatu nguo zinakuwa nyingi.

Dobi wa milango miwili