Barua kutoka karakana

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole viwili vimeungua kidogo. Uliniuliza wiki yangu ya kwanza karakana imekwendaje, nami nimengoja iishe ndipo nikuandikie.

Tulikuwa na kazi moja tu: bodi 20, yaani vibao vya saketi, za taa inayojiwasha giza likiingia. Kila bodi ina kihisi mwanga, transista (swichi ndogo ya umeme), rezista chache (vifaa vya kupunguza mkondo wa umeme) na ledi nyeupe, ile taa yenyewe. Siku mbili za mwanzo nilipanga rezista. Husomwa kwa mistari ya rangi: chungwa, chungwa, kahawia ni ohm 330. Kahawia na nyekundu hufanana mno taa ikiwa hafifu, kwa hiyo sasa napima kila moja kwa mita kabla ya kuiweka.

Jumatano nikashika pasi ya kulehemu, chuma cha moto cha kuunganishia vifaa kwenye bodi. Nilidhani unaiyeyusha lehemu, ile metali ya kuungia, kwenye ncha ya pasi kisha unaipaka kama gundi. Sivyo. Pasi inagusa mguu wa kifaa na shaba ya bodi kwa pamoja, vyote vishike moto, ndipo unaleta waya wa lehemu uyeyuke kwa joto la kiungo chenyewe. Lehemu yetu haina madini ya risasi, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217 za Selsiasi hivi. Ile ya bati 63 na risasi 37 kwa mia huyeyuka kwenye 183. Kiungo kizuri huteremka taratibu kutoka mguuni hadi kwenye shaba. Kibaya hukaa kama tone la maji juu ya jani la mgomba.

Alhamisi tukazijaribu. Bodi 17 ziliwaka vizuri, 3 zikawa zinapepesa: ukizigusa zinawaka, ukiziacha zinazima. Nikabadilisha transista kwenye mbili, wapi! Fundi mkuu hakunipokonya kazi. Aliniuliza tu, “Hayo ni makosa matatu, au ni moja?” Akanipa kijiti cha mbao nibonyeze kiungo kimoja kimoja. Nilipofika kwenye mguu wa ethi, ule wa upande hasi wa umeme, taa ikazima. Bodi ya pili, palepale. Ya tatu, palepale.

Mguu ule umeungana na uwanja mpana wa shaba, na shaba hubeba joto upesi. Muda unaotosha miguu mingine hapo hautoshi: lehemu inayeyuka juu, inaonekana imekamilika, kumbe chini haijashika kitu. Wachoraji wa bodi wazoefu huacha vidaraja vyembamba vya shaba kuuzunguka mguu kama huo ili joto lisikimbie. Mchoro wetu haukuwa navyo.

Zile 3 nilizitengeneza kwa dakika chache. Zilizoninyima usingizi ni zile 17. Nilizilehemu mimi, kwa mkono uleule na muda uleule, na taa inaweza kuwaka mezani leo halafu ikamzimikia mtu ukutani baada ya miezi. Ijumaa nikarudia mguu wa ethi kwenye zote 20, safari hii kwa ncha pana ya pasi na flaksi mpya, dawa ya kusafisha shaba ili lehemu ishike. Hakuna aliyeniagiza. Fundi alipita, akainama kutazama, akaniletea koili nyingine ya lehemu.

Sasa ile redio yako ya betri unayoipiga kofi ndipo iongee, tafadhali usiitupe. Toa betri, ifungue, tazama waya mweusi, ambao kwa kawaida ndio wa ethi, unapoingia kwenye bodi. Usiguse kitu kingine; Jumamosi nakuja na pasi.

Wako akupendaye.