Kura yetu kuhusu Ukraine, na sisi ndo tulivamiwa 1978

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi.

Mimi ni msomaji wenu huku Missenyi, mpakani kabisa, na kilichonifanya nichukue simu niandike ni haya maneno ninayoyasikia kila mnapotoa habari ya vita ya Ukraine. Mtu mmoja atasema hayo mambo ya wazungu wamalizane wenyewe, mwingine atasema Putin piga hao wamezidi, mwingine ataleta Iraq, na mjadala umeishia hapo watu wamerudi kwenye mpira. Nisingeshangaa sana ingekuwa ni vijana tu, lakini wapo wazee wa huku kwetu waliokimbia na magodoro kichwani na wao wanasema hivyo hivyo, hapo ndo nashindwa kuelewa.

Manake tukumbushane. Mwisho wa Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin lilivuka Mutukula likashuka mpaka mtoni. Waliua raia, wanasema zaidi ya elfu, wakabaka, wakaswaga ng'ombe kwa maelfu, wakang'oa mabati kwenye nyumba za watu, hata kiwanda cha sukari hakikupona. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote kaskazini ya mto Kagera ni mali ya Uganda, kama kilomita za mraba 1,800 hivi, yani bibi zetu walilala Watanzania wakaamka Waganda. Baadae wakalilipua daraja la Kyaka ili jeshi letu lisivuke.

Dunia ilifanya nini? Hapa ndo pananoga. OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakati ule mwenyekiti alikuwa Nimeiry, rais wa Sudan, wakatuma wasuluhishi, na wimbo wao ulikuwa mmoja tu, pande zote mbili zisitishe mapigano. Pande zote mbili! Mwizi yuko sebuleni ameshika redio yako na wewe umesimama mlangoni, halafu balozi wa nyumba kumi anakuja anasema jamani wote tulieni. Mwalimu Nyerere alitaka kitu kimoja kwanza, OAU wamlaani Amin kwa kuvamia, hawakumlaani. Nchi zilizosema wazi unazihesabu kwa vidole, Zambia, Angola, Botswana, Ethiopia, na Msumbiji ya Samora ambayo ilituma kabisa kikosi cha askari wakati yenyewe ina vita na Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mlangoni kwake. Gaddafi yeye alituma wanajeshi wa Libya kumsaidia Amin.

Na wakubwa je? Wamarekani walikuwa wameshapiga marufuku kahawa ya Uganda mwezi huo huo wa Oktoba, lakini hiyo ilikuwa kwa sababu ya mauaji ya Amin ndani ya nchi yake, haikuhusu Kagera. Warusi ndo walikuwa wauzaji wake wa silaha wa siku nyingi, na sisi pia tulikuwa na silaha zao, ile mizinga ya roketi ambayo Waganda waliipa jina la saba saba ilikuwa ya Kirusi. Kwa hiyo Mwafrika na Mwafrika wanapigana kwa chuma kutoka duka moja.

Tukapigana wenyewe. Kila aliyekuwepo anaikumbuka hotuba ya tarehe 2 Novemba, sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Mgambo wakaingizwa jeshini kwa makumi ya maelfu, malori ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa, wakulima wakatoa ng'ombe na ndizi, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Gharama yake inatajwa kuwa kama dola milioni 500 na hakuna tajiri aliyekuja kusema jamani tuchangie. Tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18, waliokuwa wakubwa miaka ya themanini wanajua ule mkanda ulifunguliwa lini, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, nguo ndo usiseme. Kisha Julai 1979 kwenye mkutano wa OAU kule Monrovia, Nimeiry akasimama kuilaumu Tanzania kwamba imevunja kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Tulivamiwa sisi, tukalaumiwa sisi.

Sasa linganisha na Februari 2022. Urusi imeingia Ukraine tarehe 24, na haikupita hata wiki mbili, benki kadhaa za Urusi zimetolewa kwenye SWIFT, ule mtandao wa mabenki wa kutumiana taarifa za malipo duniani, akiba ya benki kuu yao kama dola bilioni 300 imezuiwa nje, Ulaya imefungua mipaka kwa wakimbizi na kuwapa vibali vya kuishi na kufanya kazi, silaha zinamiminika kwa mabilioni. Na katikati ya huruma yote hiyo wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wanasoma huko walikuwa wanashushwa kwenye treni na kurudishwa nyuma kwenye foleni za mpakani, mpaka Umoja wa Afrika ukatoa tamko kwamba huo ni ubaguzi. Nani aliyeona yale asiseme hawa jamaa wanahurumia wanaofanana nao? Hata mimi nilisema.

Na Iraq ni kweli pia. 2003 Marekani na Uingereza waliingia bila ruhusa ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Kofi Annan mwenyewe, katibu mkuu wa umoja huo, akaja kusema haikuwa halali, hakuna benki ya Marekani iliyotolewa popote. Wakati Iraq yenyewe ilipoivamia Kuwait Agosti 1990, Kuwait ina mafuta, azimio la kwanza lilipitishwa siku hiyo hiyo, na Novemba likapita la kuruhusu kutumia nguvu. Yemen, nchi maskini, ilikuwa kwenye Baraza ikapiga kura ya hapana pamoja na Cuba. Mwanadiplomasia wa Marekani akamwambia balozi wa Yemen kwamba hiyo ndo itakuwa hapana ya gharama kubwa kuliko zote, na kweli msaada wa kama dola milioni 70 ukakatwa, na Saudia ilikuwa imeshaanza kuwafukuza Wayemeni kwa mamia ya maelfu kwa sababu ya msimamo wa nchi yao, warudi kwao wakakae bila kazi. Kwa hiyo mtu akiniambia nchi maskini zinaogopa kupiga kura, namwelewa vizuri tu, kura ya maskini ina bei na bei inalipwa na mtu ambaye hata hakuwepo ukumbini.

Ila sasa mhariri naomba unisikilize hapa, manake yote hayo niliyosema yanatumika kama kichaka.

Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuitaka Urusi iondoke Ukraine. Nchi 141 zikasema ndiyo, 5 hapana, 35 zikajizuia. Tanzania tulijizuia. Sawa, nikasema labda wanasubiri waone, diplomasia ina mambo yake. Tarehe 12 Oktoba ikaja kura nyingine, na hii ndo inayonikera mpaka leo, kwa sababu haikuwa kura ya nani alianza wala NATO, ule umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ilisogea wapi. Ilikuwa inauliza kitu kimoja, je ni halali nchi kuingia kwa jirani na jeshi halafu kutangaza kwamba mikoa minne ya jirani kuanzia leo ni yangu, Donetsk, Luhansk, Kherson na Zaporizhzhia. Hiyo ni tarehe 1 Novemba 1978 kabisa, badilisha majina tu. Nchi 143 zikasema sio halali. Sisi wenye makaburi ya Kaboya, walikolazwa askari wetu wa vita ile ya Amin, tukajizuia tena.

Wakenya walipiga ndiyo zote mbili, na balozi wao Martin Kimani alishazungumza kwenye Baraza la Usalama hata kabla vita haijaanza, akaeleza kwamba mipaka ya Afrika hatukuichora sisi, ilichorwa na wakoloni huko kwao, lakini tulikubali kuishi nayo maana tungeanza kuidai upya tungekuwa tunapigana mpaka leo. Watu wakashangilia dunia nzima. Na mimi nilishangilia lakini na wivu, kwa sababu hilo wazo ni azimio la OAU la Cairo 1964 na aliyelisimamia kule Cairo ni Nyerere wetu. Hotuba ile ilikuwa yetu, akaisoma Mkenya.

Najua nitajibiwa sera yetu ni kutofungamana na upande wowote. Kutofungamana hakujawahi kuwa kukaa kimya, mbona Mwalimu huyo huyo alikataa kwenda Kampala mwaka 1975 wakati OAU inafanyia mkutano kwa Amin na kumpa uenyekiti. Mwingine atasema Urusi ndo ilitusaidia ukombozi wa kusini mwa Afrika. Ilisaidia sana, sikatai, ila ilikuwa Umoja wa Kisovieti, na Ukraine ilikuwa humo humo ndani, wanafunzi wetu wangapi walisoma Kiev na Odesa, na kambi maarufu ya kuwafundisha wapigania uhuru ilikuwa Perevalnoye, iko Crimea, ambayo ilikuwa sehemu ya Ukraine. Sasa deni hilo tunamlipa nani kwa kumnyima nani?

Na hao wanaosema haituhusu wakae na mkulima wa mahindi wamuulize mbolea mwaka 2022 ilikuwa shilingi ngapi, mfuko ulipita laki. Lita ya petroli Dar ilipita 3,000, serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100 mwezi Juni peke yake, hizo zilikuwa hela za zahanati na barabara. Mpaka Mtanzania mwenzetu alifia huko vitani akiwa upande wa Wagner, lile jeshi la kukodi la Urusi, serikali ilithibitisha yenyewe.

Kilichonifurahisha, samahani ni furaha ya uchungu, ni tarehe 24 Februari 2025. Wale wale Wamarekani waliokuwa wanazunguka Afrika miaka mitatu kutuhubiria kwamba historia inatuangalia, walisimama Baraza Kuu wakapiga hapana pamoja na Urusi na Korea Kaskazini. Safari hii walioliunga mkono azimio la Ukraine walikuwa 93 tu. Kwa hiyo nchi iliyopiga ndiyo 2022 ili kumfurahisha Mmarekani ilibaki imeduwaa, na iliyojizuia ili kumkomoa Mmarekani nayo imeduwaa. Aliyepiga kwa sababu uvamizi ni uvamizi ndo peke yake hakuwa na haja ya kubadilisha kitu.

Na tusidhani ni Ukraine tu. Januari 2025 mji wa Goma, mashariki mwa Congo, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, wiki chache baadae Bukavu. JWTZ ilitangaza vifo vya askari wetu wawili kule. Tarehe 8 Februari marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC, ile jumuiya ya kusini mwa Afrika, wakakutana hapa hapa Dar es Salaam, na tamko lao likataka mapigano yasimame, mazungumzo yaendelee, lakini jina la nchi iliyopeleka jeshi Congo halimo. Baraza la Usalama, ambalo tunalisema kila siku kwamba ni la wakubwa, wiki mbili baadae kwa kura zote 15 likaitaja Rwanda kwa jina na kuitaka iondoe askari wake (Rwanda wenyewe wanasema wanajilinda). Na ukumbuke Rwanda hiyo hiyo mwaka 2022 ilipiga ndiyo kwa ajili ya Ukraine! Ulaya nayo iliyoweka vikwazo kwa Urusi ndani ya siku chache, kwa Congo ilichukua mpaka katikati ya Machi kugusa maafisa wachache na kiwanda kimoja cha kusafisha dhahabu, huku ina makubaliano ya madini na Kigali ya mwaka 2024. Mkongo wa Goma akiuliza nani ananisemea, mimi Mtanzania nimjibu nini, nimwambie pande zote mbili zisitishe?

Yani tumekuwa Nimeiry.

Ombi langu kwenu gazeti ni dogo. Chapisheni jedwali moja tu, nchi zote za Afrika Mashariki zilipiga kura gani tarehe 2 Machi 2022, tarehe 12 Oktoba 2022 na tarehe 24 Februari 2025, watu waone kwa macho. Halafu mpelekeeni swali waziri wa mambo ya nje, kura ya Tanzania kule New York inaamuliwa na nani, inaamuliwa lini, na kwa nini mbunge wangu akija huku mpakani hajui lolote kuhusu hiyo kura. Mimi nilimuuliza kwenye mkutano wa hadhara, akanijibu habari za kisima.

Msomaji wenu,
Missenyi, Kagera