Ile picha ulituma Mashujaa

Sasa beshte,

Huku hatujambo, mama anakusalimia, hizo zingine nitakupigia tuongee. Leo nataka tuongee tu kuhusu ile picha ulituma kwa grupu ya WhatsApp siku ya Mashujaa, ati sikukuu ni ya Wakenya halisi na Wahindi warudi kwao. Watu walicheka, emoji kibao. Lakini uliona nani alitoka kwa grupu? Yule dada Mhindi wa Ngara tulikaa naye fomu tuu, yule alikuwa anatuletea kachori za mamake kwa kopo la majarini na wewe ndio ulikuwa unamaliza ukwaju wote. Hakusema kitu, alitoka tu.

Na hii tarehe yenyewe, 20 Oktoba, si ni usiku ule wa 1952 wakoloni walikamata Kenyatta na wenzake, ikaitwa Kenyatta Dei miaka yote hiyo mpaka katiba ya 2010 ikaifanya ya mashujaa wote. Sasa waliposhtakiwa kule Kapenguria, kortini nani aliwatetea? Alikuja Pritt wa Uingereza, akaja Dudley Thompson Mjamaika, akaja Davies kutoka Nigeria, na wa hapa hapa Nairobi walikuwa kina Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza, wote asili yao ni Bara Hindi. Na hata kabla ya imajensi, ile hali ya hatari mkoloni alitangaza 1952, Aprili 1950 pale Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, singasinga na kilemba chake, alisimama mbele ya watu akataka uhuru kamili, mwezi uliofuata wakamshika na hakuachiliwa mpaka 1961, fikiria! Pio Gama Pinto naye, mpigania uhuru wa asili ya Goa kule India lakini mzaliwa wa Nairobi, mkoloni alimfungia kisiwa cha Manda na watu wa Mau Mau, alafu uhuru tukapata na Februari 1965 akapigwa risasi hapo getini kwake, mtoto wake akiwa ndani ya gari. Huyo tungemrudisha kwao wapi?

Najua utaniambia nini. Utanikumbusha ile nyumba ya Parklands, kwa simu mwenye nyumba anasema iko, tukafika akatuangalia juu chini, ghafla imechukuliwa, na kibao cha kupangisha bado kinaning'inia kwa geti. Iliniuma, bado inaniuma, huo ulikuwa ubaguzi wa rangi mchana kweupe. Lakini mimi nilimkasirikia yule mzee, sikukasirikia Gujarati mzima, na huyo dada wa Ngara alikuwa hata hamjui.

Alafu hii mambo ya Mkenya halisi ni nani anapima? Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kulima mkonge kabla babu zetu waone uhuru, na bado Oktoba 2016 ilibidi watembee kwa miguu kutoka Kwale mpaka Nairobi kudai kitambulisho. Wakapewa, wakawa kabila la 43, na 2017 Wahindi nao wakatangazwa la 44. Kwangu hiyo pia ni maajabu, ati mpaka uitwe kabila ndio uonekane, lakini wacha, angalau sasa iko kwa karatasi.

Kwa hivyo futa hiyo picha. Na umpigie, namba yake unayo, usinitume mimi nikuombee msamaha. Akikunyamazia mwanzo vumilia, wewe ndio ulianza.

Wako wa siku zote.